"Shenzi" ya Waingereza na "Musenji" wa Mabanga: Uhakiki wa Asili na Maana ya Neno

1.0 Utangulizi

Katika Kiingereza walichokisema walowezi, maofisa na askari wa Kiingereza waliokaa Afrika ya Mashariki kabla ya uhuru, palikuwa na neno moja dogo la mitaani ambalo leo limechakaa, nalo ni shenzi. Motokaa mbovu ilikuwa shenzi. Kambi iliyopangwa ovyo ilikuwa shenzi. Mbwa asiyejulikana nasaba yake, yule ambaye Waswahili humwita mbwa koko, alikuwa mbwa shenzi. Watu wa bara wasiovaa nguo za kizungu na wasiojua kusoma waliitwa vivyo hivyo, pasipo tofauti kubwa baina ya mtu, mbwa na motokaa. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford imeliandikisha neno hilo na kukiri kwamba limetoka katika Kiswahili.

Mwanafunzi wa Kiswahili asomapo maelezo hayo huelekea kuridhika, hata kufurahi kidogo. Tumezoea kuona Kiswahili kikikopa kutoka Kiingereza. Hapa mkondo umegeuka. Lakini yafaa kuuliza: ni nani aliyekopesha, na alikopesha nini hasa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Waingereza hawakukopa neno tupu. Walikopa pamoja nalo mahali pa kusimama ili kuwatazama wengine, na mahali hapo palikuwa pamekwisha kutengenezwa na Waswahili wenyewe.

Ili kuithibitisha hoja hiyo, tutalifuata neno hilo mpaka Mabanga, mtaa wa mji wa Goma katika Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko ndugu yake shenzi, yaani musenji (wingi basenji), yu hai bado na hujeruhi kila siku. Kisha tutazihakiki fasili za neno hili zilizozoeleka katika kamusi zetu, na kuuliza kama zinamsaidia msomaji kulielewa neno au zinamsaidia mtukanaji kulitumia.

2.0 Umbo la Neno na Tatizo la Asili Yake

Kuhusu asili ya shina -shenzi, wako waliolihusisha na zangi ya Kiajemi na zanj ya Kiarabu, majina ambayo mabaharia na wanajiografia wa Mashariki waliyatumia kuwaita watu weusi wa pwani ya Afrika, na ambayo yamebaki hata leo katika jina la Zanzibar. Kimaana rai hii inavutia, kwa kuwa maneno yote mawili humtaja mtu kwa kumtenga na mnenaji.

Kisauti, hata hivyo, rai hiyo ina mashaka. Ili zanji iwe shenzi, yahitaji z ya mwanzo igeuke sh, na j ya kati igeuke z. Hayo ni mageuzi mawili kwa pamoja, wala hatuoni sababu ya kifonolojia iliyoyalazimisha. Kiswahili hakipati uzito wowote kutamka z mwanzoni mwa neno lililotoholewa: zawadi, zamani na ziara zote zimeihifadhi z yake ya Kiarabu. Jina la Zanzibar lenyewe limeihifadhi. Kwa nini neno moja tu katika ukoo huo lipotoke namna hiyo? Mpaka swali hilo lijibiwe, tunaona ni busara kuichukua rai hii kuwa dhana tu.

Msomaji wa Goma aweza kushawishika kuitetea kwa umbo la kwao. Atasema: sisi twatamka musenji, kwa j, na j hiyo ndiyo ya zanji iliyohifadhiwa bara baada ya kupotea pwani. Hoja hii ni nzuri kwa kuisikia, lakini haisimami. Katika Kongo umbo la musenzi na lile la musenji yote mawili husikika. Aidha, katika Kiswahili cha Katanga neno kazi hutamkwa kaji, na hakuna atakayedai kwamba kaji ni umbo la kale kuliko kazi. Kugeuka kwa z kuwa j mbele ya i ni jambo la lahaja za bara lenyewe. Vilevile m- na wa- za pwani hugeuka mu- na ba-, kama tunavyoona katika mutu na batu. Kwa hiyo musenji na basenji ni mshenzi na washenzi waliovaa mavazi ya Kongo.

Kama sauti haziwezi kutufikisha kwenye asili, basi yatupasa kutafuta ushahidi mahali pengine, yaani katika hali ya kijamii iliyolihitaji neno hili na katika neno jingine lililosemwa pamoja nalo.

3.0 Mshenzi na Jozi Yake

Neno mshenzi halikupata kuishi peke yake. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 lilikuwa nusu ya jozi, na nusu ya pili ilikuwa mwungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenyeji wa mji, mwenye nyumba ya mawe au walau mwenye jamaa waliokuwa nayo, mwenye dini na mwenye kujua adabu za mazungumzo. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na mji, asiye na Uislamu, asiyejulikana ukoo wake. Mwanahistoria Randall Pouwels, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu Uislamu wa pwani, ameeleza jinsi utawala wa Mabusaidi ulivyosogeza kipimo: uungwana ulianza kupisha ustaarabu, neno lenye shina la Kiarabu linalomaanisha kuwa kama Mwarabu. Kipimo kilibadilika, lakini aliyepimwa akaonekana kupungukiwa alibaki yule yule.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba mipaka ya jozi hii ilihama pamoja na msemaji. Wapagazi na askari wa misafara waliotoka pwani, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, walijiita waungwana mara walipofika bara. Mtu ambaye Unguja hakuthubutu kujiita mwungwana mbele ya bwana wake, alijiita hivyo Tabora na Ujiji, na waliomzunguka aliwaita washenzi. Wasafiri wa Kizungu walioajiri misafara hiyo, akiwamo Stanley, walilipokea jina hilo kama walivyolisikia, wakawaita watu wao Wangwana.

Kwa hiyo tayari katika karne ya 19 tunaona tabia ya msingi ya neno hili. Mshenzi halikutaja kabila, wala dini fulani, wala kazi fulani. Lilitaja umbali kutoka pale aliposimama msemaji. Wayunani wa kale walikuwa na neno la namna hiyo, barbaros, walilowaitia watu wote ambao lugha zao zilisikika kwao kama bar-bar tu. Na Waarabu nao walikuwa na ajam. Tofauti iliyopo ni kwamba barbaros lilianzia kwenye sikio, na mshenzi lilianzia kwenye njia, kwa maana kila hatua ya kwenda bara ilizidisha idadi ya washenzi, na kila hatua hiyo ilimpandisha cheo yule aliyetoka pwani.

4.0 Jozi Yaingia Kongo

Misafara hiyo ndiyo iliyokipeleka Kiswahili ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyangwe na Kasongo, katika nchi ya Manyema, zilikuwa miji ya biashara ya pembe na watumwa. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akashuhudia watu wakiuawa sokoni. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliteuliwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Baada ya vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 utawala wa wafanyabiashara hao ulivunjwa, lakini lugha yao ilibaki.

Nayo ilibaki kwa jina gani? Iliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Mwaka 1928 wamisionari John na L. F. Whitehead walitoa mwongozo wa lugha hiyo, na jina la Kingwana limo katika anwani ya kitabu chao. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameonyesha jinsi wakoloni wa Kibelgiji walivyobishana juu ya lugha hii, wakiitaka kama chombo cha kazi na kuidharau papo hapo kama lugha iliyoharibika.

Hivyo jozi yetu ilivunjika Kongo kwa namna ya ajabu. Nusu moja, mwungwana, iligeuka kuwa jina la lugha. Nusu ya pili, mshenzi, ilibaki kuwa tusi, na tusi hilo husemwa katika lugha ile ile iliyobeba jina la waungwana. Lingala nayo, lugha iliyoenea kwa njia ya mto na ya jeshi la Force Publique, ina basenji au basenzi kwa maana ya watu wa porini wasioendelea. Ukiyaweka maumbo haya sambamba na yale ya Kiswahili, uwezekano kwamba yote ni ya ukoo mmoja ni mkubwa.

Wakati wa Wabelgiji jozi ilipata nusu mpya. Badala ya mwungwana alisimama evolue, yaani Mkongo aliyesoma, aliyevaa suti, aliyekula kwa uma. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya ustahiki wa kiraia, na mwaka 1952 ikaweka utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamefikia ustaarabu wa Kizungu. Maofisa waliwachunguza waombaji, nyumba zao na maisha ya ndoa zao. Nje ya orodha hiyo walibaki wengine wote, na Wabelgiji hawakuhitaji kuwatungia jina. Jina lilikuwapo tayari, nalo ni basenji. Bwana wa tatu alikuwa amekuja nchini na kulikuta neno limemngojea.

5.0 Kutoka kwa Mtu Hadi kwa Mbwa

Sasa turudi kwa Waingereza. Kiswahili huliweka shina -shenzi katika ngeli, na kila ngeli huliwekea mpaka. Mshenzi ni mtu. Ushenzi ni hali au kitendo. Kishenzi ni namna ya kutenda. Hata katika tusi, mu- na ba- za Goma hukiri kwamba anayetukanwa ni mtu miongoni mwa watu. Kiingereza kililichukua shina peke yake. Shenzi ya Waingereza ni shina lililovuliwa ngeli, na kwa kuwa halina ngeli, laweza kubandikwa popote: mtu shenzi, barabara shenzi, chakula shenzi. Mabadiliko haya ya kisarufi ni madogo, lakini yalifanya kazi kubwa ya kimaana. Yaliondoa alama ya utu iliyokuwa imebaki ndani ya dharau.

Mfano wa Kongo ni wazi zaidi. Katika Ulaya na Marekani kuna jamii ya mbwa wadogo, mkia umejiviringa, masikio yamesimama, ambao hawabweki kama mbwa wengine bali hutoa sauti kama ya kuimba. Wawili miongoni mwao walionyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1895, wakafa baada ya muda mfupi kwa maradhi. Wengine waliletwa na Bi. Olivia Burn na kuonyeshwa huko huko mwaka 1937, wakashangiliwa sana. Jina la mbwa hawa katika Kiingereza ni Basenji. Walikuwa mbwa wa basenji, yaani mbwa wa wanakijiji wa msituni waliowafuga na kuwinda nao. Mnunuzi alimchukua mbwa, akamwacha mwenye mbwa, na jina la mwenyewe likahamia kwa mnyama. Tena Waingereza, wasijue kwamba ba- ni alama ya wingi wa watu, huongeza alama yao ya wingi mwishoni. Neno limebeba wingi mara mbili, wala hakuna mtu hata mmoja aliyebaki ndani yake.

Shenzi ya walowezi ilichakaa pamoja na dunia yao. Imebaki katika kumbukumbu zao, na katika mdomo wa wachache wanaosema bado habari za mbwa shenzi Kenya na Uganda. Lakini mwaka 1994 lilipata maisha mapya mahali pasipotarajiwa. Katika filamu ya katuni ya The Lion King ya kampuni ya Disney, mfalme ajaye anaitwa Simba, mshauri mwenye hekima anaitwa Rafiki, na fisi jike anayeliongoza kundi la fisi anaitwa Shenzi. Sauti yake ilitolewa na Whoopi Goldberg, na katika filamu iliyotengenezwa upya mwaka 2019 ilitolewa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Watoto wengi duniani walilijua neno hili kwanza kama jina la fisi. Tuangalie fisi huyo anakaa wapi: nje ya mpaka wa nchi ya simba, mahali ambapo mwana wa mfalme amekatazwa kwenda. Watunzi wa filamu walipata jina la Kiswahili, na ramani ya karne ya 19 ikafuatana nalo bila kuitwa.

6.0 Neno Hili Mabanga

Goma ni mji wa wahamiaji. Wengi wa wakazi wake, au wazazi wao, walitoka Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero na Kivu ya Kusini. Mabanga, ambayo imegawanyika katika Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, ni miongoni mwa mitaa yenye watu wengi ya komini ya Karisimbi. Nyumba nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo hayo hupangwa kuwa kuta za nyua. Ajuaye Lingala husikia mawe katika jina lenyewe, kwa kuwa mabanga ni wingi wa libanga, jiwe. Na katika Lingala ya mjini kupasua jiwe ni kuhangaikia riziki.

Katika mtaa kama huu hakuna mwungwana wa kuzaliwa. Hakuna nyumba ya mawe ya karne tatu, wala ukoo wa kutambiwa. Hata hivyo neno musenji husikika. Tuchukue mfano wa kawaida. Ni asubuhi kwenye robine, kama bomba la maji liitwavyo huko. Bidoni za njano zimepangwa mstari. Mwanamke mgeni, aliyefika kutoka kijijini, hajajua kwamba bidoni huweza kukaa katika foleni badala ya mwenyewe, naye amesogea mbele. Hapo atasikia: "Weye musenji, umetoka mu pori juzi tu!" Na pengine, kama si mnyonge, atajibu: "Na baba yako alizaliwaka wapi?"

Katika majibizano hayo mafupi mna uhakiki wa neno ambao hatujauona katika kamusi. Mtukanaji hajasema lolote kuhusu tabia ya mwenzake. Amesema habari za mahali na wakati: porini, juzi. Naye mjibuji hakujitetea kwa kusema kwamba ana adabu au amesoma. Amehoji mahali aliposimama mtukanaji. Ametambua kwamba neno lote linategemea pale, na kwamba pale si pa kale sana.

Matukio ya Goma yameonyesha jinsi mahali hapo panavyoweza kuondoka. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002 na moto wake ukapita katikati ya mji, kisha ukalipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei mwaka huo serikali ya jimbo iliamuru watu wa mitaa kumi waondoke, na Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwa miongoni mwake. Maelfu walikwenda Sake kwa miguu, wamebeba magodoro na watoto, wakalala makanisani, madarasani na kwa watu wasiowajua. Kwa siku chache watu wa mjini walikuwa wageni kijijini, hawajui maji yako wapi wala desturi ya kuyateka. Waliorudi Mabanga walikuwa wamekaa upande wa pili wa neno.

Hata hivyo neno halikufa. Vita vya M23 vilipofufuka mwishoni mwa mwaka 2021, watu kwa malaki walikimbilia Goma kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, wakaishi katika kambi zilizouzunguka mji, mpaka mji wenyewe ulipotekwa Januari 2025. Katika hali ya namna hiyo, ambapo maji, unga na mahali pa kulala ni vichache, neno linalomwambia mtu kwamba hakustahili kuwa hapa halibaki kuwa suala la adabu ya mazungumzo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kinyarwanda, kuna umushenzi, nalo ni tusi zito. Neno hili halina upande mmoja katika migogoro ya eneo hili. Kila upande waweza kulitumia, na kila upande hujiona ndio mwungwana.

7.0 Uhakiki wa Fasili

Kamusi zetu zinasemaje? Kwa jumla kamusi za Kiswahili humfasili mshenzi kuwa ni mtu asiyestaarabika, au asiye na adabu. Fasili ya pili ni ya matumizi ya sasa katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, ambako mtu aliyezaliwa mjini na baba zake wote aweza kuitwa mshenzi kwa kuvunja ahadi au kupiga mbio na fedha za wenzake.

Wako watakaosema kwamba mabadiliko haya yamelitakasa neno. Watatoa ushahidi wa methali isemayo kwamba mwungwana ni kitendo. Kama uungwana ni kitendo, basi na ushenzi ni kitendo, na aliyetenda vibaya amestahili jina lake. Hoja hii ina nguvu, wala hatutaki kuipuuza. Ni kweli kwamba methali hiyo ilikuwa njia ya Waswahili wenyewe kuupinga uungwana wa kurithi.

Lakini tunaona hoja hiyo haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, maana mpya hukopa ukali wake kutoka maana ya zamani. Kumwita mwizi mshenzi ni kumwambia kwamba ametenda kama watu wa kule. Pasipo kule, tusi halina makali. Pili, maana ya zamani hurudi upesi hali ya siasa inapoiita. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, ameonyesha jinsi mijadala ya ustaarabu na ushenzi ilivyoenea katika magazeti ya Zanzibar wakati wa siasa za kupigania uhuru, na jinsi maneno hayo yalivyotangulia umwagaji damu wa Juni 1961 na ule wa Januari 1964. Watu waliokuwa majirani walikumbushwa nani katoka bara.

Kasoro ya fasili ya "mtu asiyestaarabika" ni kwamba inazungumza kana kwamba mtu huyo yupo, na kamusi imetoka nje ikamwona. Fasili hiyo imesimama pale pale aliposimama msemaji wa pwani, kisha ikauficha mguu wake. Mwanafunzi wa Goma akiifungua kamusi kutafuta neno aliloitwa mama yake kwenye robine, atajibiwa na kamusi kwamba mama yake hakustaarabika. Tunapendekeza fasili ya namna hii: mshenzi ni jina la dharau ambalo mtu anayejiona wa pwani, wa mji, wa dini au wa elimu humpa mtu anayemhesabu kuwa ametoka nje ya hayo, kwa kupanuka, humwita hivyo yeyote anayetenda jambo linalomchukiza. Fasili hii ni ndefu zaidi, na wahariri wa kamusi hawapendi urefu. Lakini ina faida moja kubwa: inamtaja msemaji.

Yatupasa pia tujihakiki wenyewe. Kwa miaka mingi sisi wa vyuo tumekizungumzia Kiswahili cha Kongo kwa maneno ya upungufu. Tumesema kwamba kimepoteza ngeli, kwamba kimeharibu upatanisho, kwamba ni Kiswahili kibovu kinachohitaji kusahihishwa kwa Kiswahili bora. Usanifishaji ulioanza mwaka 1930 chini ya Kamati ya Lugha ulifuata Kiunguja kwa sababu zilizoeleweka za elimu na uchapaji. Haukusema kwamba nje ya Kiunguja kuna pori. Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose, walipochapisha maelezo yao ya sarufi na matini za Kiswahili cha Kivu mwaka 2016, walionyesha lugha yenye kanuni zake. Kiambishi -aka katika "alizaliwaka" ni mfano mmoja. Kina kazi yake, na msemaji wa Mabanga hakitupi ovyo. Anayekisikia na kukiita kosa, pasipo kuuliza kinafanya kazi gani, ameliita jambo hilo kishenzi bila kulitaja neno lenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameanza na neno la Kiingereza lililochakaa, yakalifuata hadi kwenye foleni ya maji. Tumeona kwamba asili ya shina -shenzi kisauti bado ina mashaka, na kwamba rai ya zanj haijajibu maswali inayoulizwa. Asili yake kijamii, kinyume chake, ni dhahiri: ni nusu ya jozi iliyosafiri kwa misafara, na nusu hiyo ilimngojea kila bwana mpya, Mwungwana, Mbelgiji na Mwingereza, ikampa mahali pa kusimama. Kiingereza kiliivua ngeli, kikaibandika kwa motokaa, mbwa na hatimaye fisi wa katuni. Goma imeihifadhi ngeli ya watu, na kwa sababu hiyo huko neno linauma zaidi.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wahariri wa kamusi waandike alama ya dharau na wamtaje msemaji katika fasili ya mshenzi, na vivyo hivyo katika maneno ya aina yake. La pili ni kwamba musenji na maumbo mengine ya Kiswahili cha Kongo yaingizwe katika kamusi zetu kama vidahizo halali vyenye maelezo ya mahali yanapotumika, ili mwanafunzi wa Goma asikikute Kiswahili chake katika orodha ya makosa peke yake. Wanafunzi wanaotoka Kivu wana nafasi nzuri ya kuianza kazi hii. Mfano wa robine ni mmoja tu. Sokoni, kanisani na kwenye magari ya abiria ya Goma kuna mingine mingi, nayo haijaandikwa.